Tanki Moja, Bariadi Mpaka Bariadi

Nimestaafu. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, halafu asome. Najua mtu hustaafu akiwa na mvi, anakabidhiwa mabati na saa ya ukutani, wenzake wanapiga makofi na mwenyekiti anakosea jina lake. Mimi nina mtoto mgongoni ambaye meno bado yanamtoka, na hakuna aliyenipa hata msumari. Lakini kazi nimeifanya na kazi nimeiacha, na nyie mnaobaki pale karakana mnazishika zile pikipiki kila asubuhi kama mtu anayetumia jembe la jirani. Ndiyo maana naandika. Habari za mshahara sitaziweka hapa. Nani alipandishwa cheo na nani aliachwa, mtaulizana wenyewe. Nitawaambia habari za mafuta.

Maana kazi yetu, ukiondoa makoti ya ngozi na picha za wageni, ni mafuta. Mtu anatoka Dar au Arusha na pikipiki yake kubwa ya safari, au anakodi ya kwetu, tunamzungusha Simiyu aone pamba, aone mbuga, ale samaki wa Lamadi. Yeye anaangalia ng'ombe. Wewe unayeongoza unaangalia mafuta. Zile siyo bodaboda. Bodaboda ikizima unaisukuma huku unaongea na simu. Hizi zina uzito wa fahali aliyeshiba, na ikikuzimikia katikati ya Meatu utakaa nayo hapo mkitazamana.

Nilifika karakana nikiwa na cheti cha kidato cha nne ndani ya mfuko wa nailoni ili kisilowane. Bosi Nkwabi, mwenye kampuni, hakukifungua. Aliniuliza kama najua kuendesha, nikasema naijua bodaboda ya mjomba. Akanyoosha kidole upande wa mabanda: "Nenda kwa Machibya. Akikukataa, usirudi huku, mlango wa kutokea uko kulekule."

Machibya alikuwa fundi mkuu. Mtu mkubwa, tumbo mbele, sauti inayosikika mpaka sokoni, na anajisifu bila kupumzika. Alikuwa akisema akiweka sikio kwenye tanki anakwambia jana iliendeshwa na nani na alikuwa amegombana na nani. Nusu ilikuwa uongo. Ile nusu nyingine ndiyo iliyonifanya niipende kazi.

"Binti wa nani wewe?" aliniuliza.

"Wa Luhende. Wa Ipililo."

"Luhende wa pamba au Luhende wa ng'ombe?"

"Wa pamba. Ng'ombe waliisha."

"Waliisha au mliwala?"

"Walilipa ada yangu."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Kumbe hapa amesimama ng'ombe anaongea. Haya, ng'ombe wa Luhende, shika dumu, jaza ile ya bluu."

Nikajaza. Pikipiki ilikuwa imeegemea stendi yake ya pembeni, nami nikamimina mpaka nikaona mafuta mdomoni, nikafunga kifuniko, nikasimama nikisubiri sifa. Machibya akapiga ukelele watu wakatoka mabandani. "Unamjazia amelala? Wewe ukilala ubavu unaweza kunywa uji ukashiba?" Akaishika usukani, akaisimamisha wima kama anainua mtoto, akaniambia nifungue tena. Ikaingia chupa kubwa ya maji nzima, na zaidi. Tanki la pikipiki likiegemea, upande mmoja wa juu unabaki na hewa, na mafuta yanafika mdomoni kabla hayajafika kote. Kwa bodaboda ni kijiko. Kwa dude lile ni umbali wa kijiji na kijiji. Tangu siku hiyo sikuwahi kujaza pikipiki iliyolala, na nyie msijaribu hata kama mgeni ana haraka ya kufa.

Mkono alinifundisha kwa kibuyu. Wale waliokulia mjini sikilizeni, maana siku hizi samli mnaikuta kwenye kopo. Kwetu maziwa yanatiwa kwenye kibuyu, yanatikiswa mpaka siagi inajitenga. Machibya alikuwa akija na kibuyu cha maziwa kutoka kwake, anakifunga kamba nyuma ya kiti, ananiambia: nenda Ipililo, msalimie mama yako, rudi. Nikirudi anakifungua, anachungulia. Siagi ikiwepo, nimefeli.

"Tazama! Umetikisa! Umevuta resi, umekanyaga breki, umevuta resi, umekanyaga breki. Haya maziwa yamesafiri na mwendawazimu."

"Baba Machibya, barabara ina mashimo."

"Mashimo ulikuwa huyaoni? Ulikuwa umefumba macho unaomba?"

Wiki za mwanzo nilikula ugali kwa siagi mpaka mashavu yakanitoka. Mama akadhani kazi ni nzuri. Lakini taratibu niliielewa hesabu yake. Pikipiki hainywi. Mkono wa kulia ndio unaokunywa. Kila unapovuta resi kwa pupa umemwaga mafuta nyuma, na kila unapokanyaga breki umeyatupa yale uliyokwisha kuyachoma. Mwenye mkono mzuri anaona shimo likiwa mbali, analegeza mapema, dude linajiendea lenyewe kwa uzito wake, linapita, anaongeza kidogo. Uzito ule mnaoulalamikia unakubeba bure ukijua kuuachia. Hakuna kitu kizuri duniani kama pikipiki nzito inayokwenda kwenye gia ya juu, injini inanguruma chini kwa chini kama simba aliyeshiba, na wewe hufanyi kitu ila kutazama mbele. Siku kibuyu kiliporudi maziwa yakiwa maziwa, Machibya aliyanywa yote peke yake mbele yangu, akajifuta mdomo, akasema, "Mimi ni mwalimu hatari sana." Hiyo ndiyo sifa niliyopata.

Nikaanza kuongoza wageni. Nikajifunza vingine ambavyo kibuyu hakifundishi. Kulikuwa na mgeni mmoja, kila jioni anagomba kwamba pikipiki yetu ni mlevi, ya mwenzake wa aina ileile inakunywa kidogo. Fundi mmoja akabadilisha plagi, mwingine akasafisha kichujio cha hewa, bosi akasema ni uzee. Machibya akamwambia mgeni azunguke uwanja mara kadhaa bila kugusa breki ya nyuma, akarudi, akasogeza nyuma ya kiganja karibu na diski. Ilikuwa ya moto kama kikaango. Breki ilikuwa inashika yenyewe muda wote, mgeni anavuta mbele, breki inavuta nyuma. "Umeendesha ndoa," Machibya alimwambia. Mpaka leo nikiona chombo kinakunywa nashika gurudumu kwanza, halafu upepo wa tairi, halafu mnyororo. Injini naigusa mwisho, maana kosa ni mara chache linakaa kwenye injini.

Halafu nikazaa.

Hapa nitaandika nikiwa nimekunja uso, mnisamehe au msinisamehe. Nilizaa mtoto wa kike, Kwandu, nikakaa nyumbani muda wangu, nikarudi. Nikakuta nimewekewa kiti ofisini. Nihesabu kofia za wageni na nipokee simu. Eti nipumzike. Mimi nipumzike, nani kasema nimechoka? Safari za kawaida zilikuwa za kulala njiani, siku nyingi, na mtoto ananyonya, nilijua siwezi. Sikuwa mjinga. Nilichoomba ni kitu kimoja: safari ya siku moja. Tuondoke Bariadi asubuhi, tupite Lagangabilili, tuingie Kimali, tutokee Mwanhuzi, turudi kwa Maswa, jioni tuko nyumbani nanyonyesha. Wageni wa siku moja walikuwepo, walikuwa wanaulizia kila wiki, tunawafukuza.

Bosi Nkwabi akatikisa kichwa. "Njia ile bila gari la mafuta haiwezekani. Na gari la mafuta kwa safari ya siku moja ni kichekesho."

Msiojua, gari la mafuta lilikuwa pikapu inayofuata msafara na madumu. Kampuni ilikuwa na sheria kwamba pikipiki zetu zinajazwa sheli moja tu ya Bariadi tuliyoizoea, kwa sababu zamani mtu alinunua mafuta ya chupa pembeni ya barabara, yana maji, injekta zikaharibika na safari ikafia porini. Tangu hapo bosi hakutaka kusikia mafuta ya ugenini, ya chupa wala ya pampu. Kwa hiyo au unafuatwa na madumu, au unazunguka kwa tanki moja.

"Zinazunguka kwa tanki moja," nikamwambia.

"Yale madude? Na ule mchanga? Haizunguki hata moja."

Machibya alikuwa mlangoni anakula muwa. "Zinazunguka, bosi. Mkono ukiwa wa mtu."

Bosi akacheka. Akasema haya, mara moja, na wageni wawili, bila gari. Zote zikirudi kwa miguu yake zenyewe, bila kujaza popote, safari ya siku moja itakuwepo na itakuwa yangu. Ikizima hata moja, narudi kwenye kofia na yeye hataki kulisikia tena jambo hili. Nikasema sawa. Mnaelewa nilichokuwa nimekiweka mezani? Siyo cheo. Ni kama nitabaki na kazi yangu au nitakuwa mama wa kuhesabu kofia.

Wageni wenyewe walikuwa wawili. Mmoja ni Yusra, binti wa Dar, mwembamba, mchangamfu, kila kitu anakipiga picha, alikuwa amekodi ya kwetu. Mwingine ni mzee Kileo, mfanyabiashara wa mbao, mnene kuliko Machibya, na amekuja na pikipiki yake mwenyewe, ile ya silinda sita yenye viti kama sofa. Nilipomwona nilitukana moyoni. Mtu mzito kuliko wote juu ya chombo kizito kuliko vyote. Nikasema huyu ndiye atakayenirudisha kwenye kofia.

Asubuhi ile nilifika sheli kabla yao. Kwandu alikuwa amenyonya upande mmoja tu akalala, na titi la pili lilikuwa limejaa kama jiwe. Nikamwambia mhudumu wa sheli asubiri, nikaenda nyuma ya jengo kukamua kwenye kikombe, nimpelekee mama, aliyekuja Bariadi kunisaidia kulea, amesimama barabarani na mtoto. Niliporudi, wageni wamefika, zimejazwa zote tatu, hata yangu, wanacheka, wako tayari. Mshale wa kila moja uko juu kabisa. Tukaondoka.

Mpaka Lagangabilili tulikwenda kama watu wanaokwenda kanisani. Tukazipita ofisi mpya za wilaya, lami ikaisha, tukaingia vumbi. Nilikuwa nawatazama kwenye kioo. Yusra alikuwa anakimbia, anafunga breki, anakimbia, anafunga breki. Kibuyu chake kingekuwa siagi tupu. Kileo sikumwelewa. Alikuwa nyuma kabisa, anakuja tu, hapandi wala hashuki.

Kimali tukasimama kwenye mgahawa wa mama mmoja tunywe chai. Yusra akanisogezea simu. "Dada, ona tulivyopendeza sheli." Nikatazama. Pikipiki tatu zimepangwa mstari, zote zimeegemea upande mmoja kama askari waliochoka, kwenye stendi za pembeni. Na bomba la mafuta liko ndani ya tanki la Kileo.

"Hii picha mlipiga wakati gani?"

"Wakati anajaza. Si nzuri? Mhudumu alitaka azisimamishe moja moja, nikamwambia aache, zimekaa vizuri kwenye mstari."

Ile mishale ya mafuta kwenye madude, mtu asiwadanganye, inakaa juu muda mrefu halafu inaanguka kama mlevi. Ilikuwa imetudanganya wote. Tulikuwa tumefika karibu nusu ya njia na kila tanki lilianza likiwa na mfuko wa hewa. Nikampigia Machibya.

"Baba, wamejaziwa zimelala. Zote."

Akauliza: "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya sheli. Nakamua maziwa."

Nilisubiri matusi. Akasema, "Basi ulikuwa kazini." Sauti ya chini, sauti ambayo sikujua kama anayo. "Kurudi na kwenda ni sawasawa sasa. Nani ana mkono mbaya?"

"Binti."

"Na yule mnene?"

"Sijui."

"Hujui? Umekaa naye asubuhi yote barabarani na hujui mkono wake? Umenivunjia chuo. Kamuulize." Akakata.

Nikamweleza mzee Kileo kila kitu, pamoja na habari ya kofia, maana sikuwa na haja ya kuficha. Alikuwa anamalizia chapati. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Binti yangu, mimi kabla ya kuwa na mbao zangu niliendesha lori la mbao za watu. Bosi wangu alikuwa anapima dizeli kwa kijiti. Kijiti kikionyesha chini ya alama, hulali nyumbani kwa raha. Taa yangu ya breki umeiona ikiwaka leo?"

Nikafikiri. Sikuwa nimeiona, maana alikuwa nyuma yangu. Yusra naye alikuwa mbele yake.

"Haijawaka," akasema. "Mwambie huyu mwanangu akae nyuma yangu. Asitazame ng'ombe, asitazame mahindi, atazame taa yangu. Isipowaka, na yeye yake isiwake."

Tukaanza kupunguza uzito. Masanduku ya pembeni tukayafungua yote, maana mbali na uzito yanakamata upepo kama milango. Mama wa mgahawa akakubali kuyaweka nyuma ya jiko, tutayafuata na gari kesho yake.

"Kamera yangu imo humo!" Yusra akasema.

"Picha zako ndizo zilizotufikisha hapa," nikamwambia. Mama wa mgahawa akacheka mpaka akashika meza, akasema kwa Kisukuma kwamba wanangu mnagombana kama wake wenza. Yusra akanuna. Nilikuwa na haki ya kuwa na hasira lakini haikuwa na kazi kwa wakati ule, nikaimeza. Tukaenda kwa fundi wa baiskeli, tukaongeza upepo kwenye matairi, maana tairi laini linanata barabarani. Tukaondoka.

Niliwahi kuwaona waendeshaji wengi, wa kwetu na wa kutoka nje, wenye makoti ya bei na wenye kaptula. Sijaona mkono kama wa mzee Kileo. Nilimweka mbele yangu makusudi nimtazame. Lile dude la silinda sita, lenye sofa na redio, lilikuwa linaelea. Akiona mlima anaongeza kidogo akiwa bado kwenye tambarare, anapanda na ule mwendo, anafika juu mwendo ukiwa karibu umeisha, anaanguka upande wa pili bila resi kabisa. Akiona mchanga hakazi, analegea, mabega yote yamelala. Mtu mnene vile alikuwa mwepesi kuliko sisi wote. Na Yusra nyuma yake, saa ya kwanza taa yake iliwaka kama ya duka la Krismasi, baadaye ikawa mojamoja, baadaye ikanyamaza. Hapo nilimpenda. Kujifunza ukiwa umenuna ni kazi kubwa.

Mahali fulani ng'ombe walifunga barabara, kundi refu linakwenda kunywa lamboni. Tukazima injini. Wachungaji wakatusalimia, "Mwadila!" tukaitikia, wakauliza kama tumeharibikiwa. Nikasema hapana, tunasubiri. Mmoja akasema, "Hawa wamelelewa." Kila siku wenye pikipiki kubwa wanawapigia honi na kuunguruma palepale, wanachoma mafuta wakiwa wamesimama na kuwakimbiza ng'ombe mpaka wanakauka maziwa. Tulisubiri mpaka mkia wa mwisho.

Mwanhuzi ndiyo iliyonitesa. Sheli hii hapa, inang'aa, mhudumu anatupungia mkono. Yusra akaja ubavuni mwangu. "Dada, mshale wangu umeanguka. Si tununue kidogo tu, nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na nikijua mimi, keshokutwa nitampeleka mgeni mwingine huku nikiamini kitu ambacho hakipo."

Matiti yalikuwa yamejaa mpaka kwapani. Koti lilikuwa limelowa mbele, upepo ukipiga ni baridi, nikitikisika ni moto. Sikumwambia mtu. Mzee Kileo alinitazama mara moja, akatazama pembeni, akasema tu, "Twende nyumbani."

Maswa tukapita. Taa ya akiba ya Yusra ikawaka, halafu yangu. Ya Kileo haikuwaka mpaka tulipokaribia mashamba ya pamba ya upande wetu, na ilipowaka alipiga honi mara moja kama anatangaza harusi. Tukaanza kuziona nyumba za Bariadi. Pale mwanzo wa mji pikipiki ya Yusra ikakohoa, ikakohoa tena, ikafa.

Yusra akavua kofia. "Dada, nimekuharibia."

"Shuka," nikamwambia.

Tanki la pikipiki, nyie mnaobaki, limepanda uti wa mgongo kama matandiko ya punda. Lina shavu la kushoto na shavu la kulia. Pampu inanyonya shavu moja. Pampu ya ile ilikuwa kushoto, na kulia mafuta yanabaki yamefungwa, hayawezi kuvuka mgongo. Mimi na mzee Kileo tukaishika, yeye usukani mimi nyuma, tukailaza upande wa kushoto taratibu mpaka karibu iguse lami. Ilikuwa nzito, nilihisi maziwa yananitoka yenyewe. Tukasikia ndani, lwaa, mafuta yanavuka. Bodaboda wamesimama wanatushangaa. "Wanaizika!" mmoja akasema. Tukaiinua. Yusra akabonyeza, ikakohoa, ikashika. "Gia ya juu, usiguse kitu," Kileo akamwambia, "mfuate mama yako." Alimaanisha mimi.

Tukaingia getini zote tatu zinanguruma. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya karakana na Kwandu analia. Sikuvua hata buti. Nilikaa kwenye ngazi palepale, nikafungua koti, mtoto akashika kama aliyenyimwa mwaka mzima. Machibya alitoka, akapita karibu yangu bila kunitazama, akazisimamisha pikipiki wima moja baada ya nyingine, akachungulia matanki, akageuka kwa watu wote: "Mimi ni mwalimu hatari sana!" Bosi Nkwabi alisimama kwenye dirisha la ofisi. Akashuka, akampa mkono mzee Kileo, akasema njia ni nzuri. Njia ni nzuri kabisa.

Na ilikuwa nzuri. Wageni wa siku moja wakaanza kujazana. Niliongoza mara mbili. Mara ya tatu nikakuta Jilala ameshavaa koti la kiongozi. Bosi akaniita, akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, kwamba sasa njia imekua, wageni ni wengi, anataka mtu asiye na mambo ya kusimama nyuma ya sheli. Mimi nina mtoto. Nitaelewa.

"Njia ile ipo kwa sababu nina mtoto," nikamwambia. "Ningekuwa sina mtoto mngekuwa mpaka leo mnabeba madumu."

"Usipandishe sauti, dada. Kofia zipo."

Niliweka funguo juu ya meza yake. Sikuzitupa, maana ni funguo za chombo ninachokiheshimu. Nikatoka. Machibya akanifuata mpaka getini. Alibeba mkoba wangu mpaka barabarani, akaniwekea begani, akarudi.

Juzi Jilala amekuja nyumbani kwangu na sukari na sabuni. Amekaa kwenye kigoda anazungusha kofia mikononi. Anasema zinamzimikia kabla ya Maswa, bosi ameanza kuongea habari za kurudisha gari la mafuta na kuifuta safari. Nilitaka kumfukuza. Nilimtazama, nikaona hakuniibia yeye, amepewa tu. Nikampa Kwandu ampakate, nikamweleza yote niliyoandika hapa: kusimamisha wima, kibuyu, taa ya breki, masanduku, kuzima injini kwa ng'ombe, kulaza kushoto. Alisikiliza vizuri. Mkono anao, akiacha pupa.

Halafu nikamuuliza habari za Sayi, yule binti aliyeingia baada yangu, anayefunga minyororo vizuri kuliko nyie wote. Akasema yupo, ila ameanza kuvaa magauni mapana.

"Basi malipo yangu ni hayo," nikamwambia. "Sayi akitoka uzazi, hiyo njia ni yake mpaka mtoto aache kunyonya. Wewe unarudi safari ndefu, una miguu na huna titi. Na baada yake mwingine, na mwingine. Njia ya siku moja ni ya anayenyonyesha."

"Na bosi akikataa, dada?"

"Bosi haendeshi, Jilala. Siku hiyo asubuhi funguo zitakuwa mfukoni mwa nani?"

Akazishika mfukoni kwa nje, kama mtu anayehakikisha zipo.